Mary Ainsworth: Mtafiti Aliyefundishwa na Akina Mama wa Ng'ambo ya Ziwa



Sisi waseminari tunaopangiwa utume wa Jumapili katika parokia za Nyamagana tumezoea kuona jambo hili. Mama anamkalisha mtoto wake mdogo kwenye benchi la watoto wa Utoto Mtakatifu, kisha anakwenda kwaya, na mtoto anaangua kilio. Pembeni yake yuko mwingine aliyetulia tuli. Hajali nani ameondoka wala nani amerudi. Wa kwanza tunasema amedekezwa, wa pili tunamsifu kwa adabu. Mwezi huu tumechagua kusimulia maisha ya mwanamke ambaye kazi yake inatuonya tusiharakishe kutoa hukumu hiyo. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata jirani na sisi, upande wa pili wa ziwa letu.

Mary Salter alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, jimbo la Ohio, Marekani, akiwa wa kwanza kati ya mabinti watatu. Mwaka 1918 familia ilihamia Toronto, Kanada. Alikuwa karibu zaidi na baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlaza usiku na kumwimbia. Kwa mama yake hakuwa karibu kiasi hicho. Akiwa na miaka 15 alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall, akagundua kwamba mtu anaweza kuchunguza yaliyomo ndani ya moyo wake mwenyewe badala ya kulaumu mambo ya nje tu. Mwaka uliofuata, akiwa bado binti mdogo, aliingia Chuo Kikuu cha Toronto.

Huko alimpata mwalimu aliyemwelekeza maisha yake yote, William Blatz, aliyeendesha pia shule ya watoto wadogo ili kuchunguza wanavyokua na kujifunza. Blatz alifundisha kwamba mtoto anahitaji kwanza kujiona salama kwa wazazi wake ndipo athubutu kwenda kujaribu mambo mapya. Mary alifanya utafiti wake wa shahada ya uzamivu juu ya wazo hilo, akahitimu mwaka 1939, vita kuu ilipoanza. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada, akatumia saikolojia kuchagua na kupanga watumishi, akafikia cheo cha meja. Vita ilipokwisha alirudi chuoni kufundisha.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth wakahamia London, mume akiendelea na masomo. Mary alipata kazi katika kituo cha Tavistock chini ya daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza yanayowapata watoto wanaotenganishwa na mama zao, kwa mfano wanapolazwa hospitali. Bowlby alianza kufikiri kwamba mtoto huzaliwa na mwelekeo wa kumshika mlezi wake, na kwamba mwelekeo huo si njaa ya maziwa peke yake. Mary alimheshimu sana lakini hakukubaliana naye. Yeye, kama wanasaikolojia wengi wa wakati ule, aliona ni dhahiri kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye anayemlisha.

Mwaka 1954 Leonard alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, Kampala. Mary alimfuata bila kuwa na kazi yoyote inayomsubiri, lakini hakukaa bure. Alipata msaada mdogo wa taasisi hiyo, akajifunza Kiganda kidogo, akapata mkalimani, akaanza kutembelea vijiji vya karibu na Kampala. Alipata familia 26 zenye watoto wanaonyonya, jumla ya watoto 28. Kila baada ya wiki mbili alikwenda nyumbani kwao, akakaa sebuleni saa mbili za mchana, wakati ambapo akina mama wa Kiganda hupokea wageni. Aliendelea hivyo kwa muda wa hadi miezi tisa.

Alikwenda na swali lake tayari mkononi. Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi ya Waganda mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake, akataka kuona utengano huo unamfanya nini mtoto. Alipofika alikuta familia nyingi haziifuati tena desturi hiyo. Mtu mwingine angelilazimisha swali lake, au angefunga mizigo arudi. Yeye aliliacha swali lile, akakaa na kutazama kilichokuwa mbele ya macho yake.

Alichokiona ni kwamba watoto hawakuwa wakingoja tu kulishwa. Mtoto alimfuata mama kwa macho, kisha kwa kutambaa. Alimlilia mama na si mgeni, na alipookolewa na mama kutoka katika hofu alinyamaza hata kama hakupewa ziwa. Zaidi ya hayo, mtoto aliyekuwa na uhakika na mama yake ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Alishuka mapajani, akatambaa hadi mlangoni, akachezea vitu, akageuka kumtazama mama kama yupo, akaendelea na safari yake. Mary alikubali kwamba alikuwa amekosea, na kwamba Bowlby alikuwa na hoja. Waliomfundisha ni akina mama wa vijijini.

Katika watoto wale 28, aliwaona 16 kuwa na usalama wa moyo: walilia kidogo, na mama akiwepo walicheza kwa furaha. 7 walikuwa na wasiwasi, wakilia hata mikononi mwa mama. 5 hawakuonyesha bado tofauti kati ya mama na watu wengine. Alipotafuta sababu, aligundua kwamba mama aliyemjua mtoto wake vizuri na kufurahia kumnyonyesha, aliyeweza kumweleza mgeni kwa undani mwanawe anafanya nini na anapenda nini, ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye usalama.

Mwishoni mwa mwaka 1955 waliondoka Kampala kwenda Baltimore, Marekani. Mary alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambako walimu wanawake walilipwa pungufu ya wanaume na kutengewa chumba chao cha chakula. Alifundisha darasani, na siku nyingine alikwenda katika hospitali ya magonjwa ya akili kupima na kuhudumia watoto wenye matatizo. Mwaka 1960 ndoa yake ilivunjika, jambo lililomuumiza sana. Alikuwa ametamani watoto, lakini hakujaliwa kupata hata mmoja.

Kuanzia mwaka 1963 alirudia Baltimore kazi ile ya Uganda. Ikawa tena familia 26, safari hii akishirikiana na wanafunzi wake, wakitembelea kila nyumba kwa saa nne kila baada ya wiki tatu katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Alibuni pia jaribio fupi la dakika kama 20 linaloitwa Hali Ngeni. Mtoto wa mwaka mmoja huingizwa na mama yake katika chumba asichokijua chenye vichezeo. Mgeni huingia, mama hutoka, kisha hurudi. Watu wengi hudhani kinachopimwa ni kilio mama anapotoka. Mary aliona kwamba linalosema zaidi ni kinachotokea mama anaporudi. Watoto wengi, takribani theluthi mbili, walimkimbilia mama, wakabembelezwa, wakarudi kucheza, na hao walikuwemo waliolia sana. Wengine walimlilia na papo hapo kumsukuma. Wengine hawakumjali kabisa, wakageuza uso na kuendelea na kichezeo. Watafiti waliokuja baadaye walipima mapigo ya moyo ya watoto hao watulivu, wakakuta moyo unakwenda mbio. Utulivu ulikuwa wa nje tu.

Mwaka 1967 alichapisha kitabu chake juu ya watoto wa Uganda, na mwaka 1978, pamoja na wanafunzi wake, kitabu cha matokeo ya Hali Ngeni. Yeye na mwanafunzi wake Silvia Bell walionyesha pia kwamba watoto walioitikiwa haraka walipolia katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi mwaka ulipokwisha. Wengi walimpinga, kwa kuwa waliamini kwamba kumwitikia mtoto anayelia ni kumfundisha kulia. Mabishano mengine yanaendelea hadi leo, na ni haki tuyataje: wako wanaosema kipimo cha Baltimore hakitoshi kwa nyumba za Kiafrika, ambako mtoto hulelewa na bibi, shangazi na dada zake. Mary mwenyewe alikuwa ameona Uganda kwamba mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja.

Miaka ya 1970 alihamia Chuo Kikuu cha Virginia, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 1984. Wanafunzi wake, kama Mary Main na Inge Bretherton, wakawa walimu wakubwa wa elimu hiyo. Alifariki dunia tarehe 21 Machi 1999 akiwa na miaka 85.

Kwa nini tunamkumbuka katika gazeti la seminari? Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba maarifa ya mwanadamu huanzia katika milango ya fahamu. Ni rahisi kuliandika hilo katika mtihani. Ni vigumu kukaa saa mbili katika sebule ya mtu, ukitazama, na kukubali kwamba ulichokuja nacho kichwani si kweli. Padre anayekwenda kijijini na majibu yote tayari ana la kujifunza kwake.

La pili linawahusu wazazi. Machi 2023 serikali yetu ilielekeza kwamba watoto wa madarasa ya awali hadi darasa la nne wasilazwe bweni, ili wapate kukua karibu na familia zao. Wazazi wengi walilalamika, na tunawaelewa: wako wanaotoka alfajiri kwenda mwaloni au sokoni na kurudi usiku, na bweni lilikuwa msaada. Hatuandiki ili kuwalaumu. Lakini yule mtoto wa Kampala aliyetambaa hadi mlangoni alithubutu kwa sababu alijua nyuma yake kuna mtu. Mtoto wa darasa la kwanza bado anageuka kutazama. Asipokuwepo mama, awepo bibi, awepo baba, awepo mwalimu anayemjua kwa jina na kujua leo kwa nini hakula.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. Wengi wetu tuliondoka nyumbani tukiwa na miaka 13 au 14 kwenda seminari ndogo, na usiku wa kwanza tulilia chini ya shuka ili wenzetu wasisikie. Tukawaona walio kimya kuwa mashujaa. Leo tunajua kwamba huenda kati yao walikuwemo waliohitaji msaada kuliko sisi, na hakuna aliyewauliza. Tukipadrishwa tutaitwa baba na watoto ambao hatukuwazaa. Mary Ainsworth hakuzaa, lakini aliwatazama watoto wa wengine kwa makini kiasi cha kuwafundisha wazazi wa dunia nzima.

Basi Jumapili ijayo, mtoto akilia kwenye benchi, tumpakate hadi mama arudi. Na yule aliye kimya, tuketi karibu naye tumuulize jina lake.