MANUTE BOL: Msimu mmoja chuoni, maisha mazima ya kulipia ndugu

Ukishuka kutoka Lushoto kwa njia ya Mlalo, Milima ya Usambara inakwisha ghafla. Migomba na mashamba ya kabichi yanabaki juu, na chini unapokewa na joto, vumbi na miiba ya Mnazi na Lunguza. Mbele yake ni Mkomazi na simba wake. Huko mtoto wa mfugaji haanzi na danadana. Anaanza na kuhesabu ng'ombe jioni, na akikosekana mmoja, anarudi porini kumtafuta.

Manute Bol alikulia maisha ya namna hiyo, ila kwao ni mbali sana na Usambara: Turalei, nchi ya Wadinka, upande wa kusini wa iliyokuwa Sudan moja. Alichunga ng'ombe wa baba yake kabla ya kujua kikapu ni nini. Simulizi iliyomfuata hadi Marekani ni ile ya kumuua simba kwa mkuki akiwa kijana machungani. Waandishi wa huko waliipenda mno. Yeye mwenyewe aliisimulia bila mbwembwe, akikiri kwamba simba alikuwa amelala.

Shabiki wa soka ana sababu ya kumjua jamaa huyu, maana soka ndiyo ilikuwa ya kwanza kumpata, na ndiyo ya kwanza kumpoteza. Alicheza utotoni akaacha kwa sababu moja tu: alikuwa mrefu kupita kiasi. Alipokomaa alifika mita 2.31. Lango la soka lina mita 2.44 kutoka ardhini hadi mtambaa panya. Yaani Manute akisimama wima golini, kati ya utosi wake na mwamba zinabaki sentimita 13. Peter Crouch, ambaye Ulaya nzima ilimwona mnara, ana mita 2.01. Mama yake Manute alimzidi Crouch, alikuwa na mita 2.08. Baba alikuwa na 2.03. Kwao ile haikuwa ajabu, ilikuwa familia.

Ndugu zake walimshawishi ajaribu kikapu. Akaanza Wau, akaendelea Khartoum. Inaelezwa kwamba katika majaribio yake ya kwanza ya kudanki aling'oa meno kwenye ringi. Mwaka 1982 kocha Mmarekani, Don Feeley, alikwenda Sudan kuifundisha timu ya taifa, akakutana na kijana anayegusa ringi bila kuruka. Aliporudi kwao hakunyamaza.

Mwaka 1983 Manute akatua Cleveland, jimbo la Ohio, kwa mipango ya Chuo Kikuu cha Cleveland State. Kiingereza hakujua. Alipelekwa darasani miezi mingi kujifunza, na chuo hicho hakikumchezesha hata mechi moja. Baadaye NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilikiadhibu kwa kuwasaidia kifedha yeye na Waafrika wengine wawili kinyume cha kanuni.

Mwaka huohuo San Diego Clippers walijaribu njia ya mkato, wakamchagua kwenye drafti ya NBA, raundi ya tano. Ligi ikafuta uteuzi huo kwa kuwa hakuwa amejisajili kwa wakati. Kichekesho kilikuwa kwenye pasipoti. Urefu ulioandikwa pale ulikuwa kama mita 1.57. Manute alieleza kuwa waliompima Sudan walimpima akiwa amekaa. Umri nao ulikuwa kitendawili. Karatasi zilisema alizaliwa Oktoba 16, 1962, lakini miaka mingi baadaye Kevin Mackey, aliyekuwa kocha wa Cleveland State, alidai kuwa tarehe ile aliibuni yeye, kwa sababu hakuna aliyeijua ya kweli. Wapenzi wa soka la Afrika watatabasamu hapa. Stori za vyeti vya umri wamezizoea.

Ndipo akapatikana wa kumchezesha. Bridgeport ni mji wa pwani katika jimbo la Connecticut, mji wa viwanda, na chuo chake kilikuwa kidogo, kikicheza Divisheni ya Pili ya vyuo. Hesabu ni kama klabu ya Championship hapa kwetu: wachezaji wanajituma, kocha anajua kazi, lakini kamera ziko kwingine. Kocha aliitwa Bruce Webster, na timu ilijulikana kama Purple Knights. Kabla ya Manute, mechi za nyumbani ziliangaliwa na watu 500 au 600. Msimu wa 1984/85 ukumbi wao wa Harvey Hubbell, wenye nafasi 1,800, ukawa unajaa mechi baada ya mechi.

Wengi walikwenda kuangalia urefu. Kusema kweli, walikwenda kushangaa. Walichokikuta ni mchezaji.

Kwa asiyefuatilia kikapu: bloku ni kuzuia mpira uliokwisha kurushwa kuelekea golini, sawa na beki anayeokoa kwenye mstari kipa akiwa ameshapitwa. Beki akifanya hivyo mara mbili kwenye mechi moja, kesho yake anazungumziwa vijiweni. Manute alimaliza msimu wa Bridgeport na wastani wa bloku 7.1 kila mechi. Kanuni za vyuo zilimsaidia, kwa sababu ziliruhusu ulinzi wa kanda, kila mtu na eneo lake. Webster aliweza kumwacha chini ya ringi, na yeyote aliyeingia pale alikuta mikono miwili yenye upana wa mita 2.59 kutoka ncha hadi ncha. Madhara ya kitu kama hicho hayaishii kwenye bloku zinazohesabiwa. Kuna mipira ambayo mpinzani anaanza kuirusha, anaghairi, anarudisha nyuma. Hiyo haiandikwi popote.

Lakini namba ambayo watu wengi hawaijui ni nyingine. Msimu ule Manute alifunga wastani wa pointi 22.5 kwa mechi na kuchukua ribaundi 13.5. Zaidi ya nusu ya mipira aliyorusha, asilimia 61, iliingia. Huyo si mtu wa kuonyeshwa kwenye sarakasi. Huyo ni mchezaji aliyekamilika, anayefunga, anayekaba, anayebeba timu. Bridgeport walishinda mechi 26, wakapoteza 6, wakaingia kwenye mashindano ya taifa ya Divisheni ya Pili. Kwa chuo kile ilikuwa sherehe.

Angebaki, angeendelea kukua. Alikuwa na kilo 80 na kitu tu kwenye mwili wa mita 2.31, mikono myembamba kama mianzi, na kikapu alikuwa amekijua kwa miaka michache mno. Miaka mingine miwili au mitatu chini ya Webster ingempa misuli, miguu na mbinu. Hata Hasheem Thabeet wetu, mwenye mita 2.21, alipewa misimu mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, jimbo hilohilo, kabla ya Memphis Grizzlies kumchukua namba mbili kwenye drafti ya 2009.

Manute hakuwa na miaka hiyo ya kusubiri. Mwaka 1983, uleule aliofika Marekani, vita vilikuwa vimewaka upya kusini mwa Sudan, na dada yake alikuwa bado kule. Mchezaji wa chuo enzi zile hakulipwa, kanuni zilikataza. Kumtoa dada kulihitaji hela, na hela ilikuwa kwenye kulipwa kucheza. Msimu ulipoisha akaondoka chuoni. Mei 1985 akasaini na Rhode Island Gulls, timu ya ligi ndogo ya kulipwa, na Juni hiyohiyo Washington Bullets wakamchagua raundi ya pili, namba 31.

Kilichofuata NBA kimesimuliwa sana, na mara nyingi kwa kicheko. Msimu wake wa kwanza alipiga bloku 397, wastani wa 5.0 kwa mechi. Hakuna mchezaji mgeni wa ligi hiyo aliyewahi kufikisha idadi hiyo tangu bloku zianze kuhesabiwa, na kwa msimu mmoja ni Mark Eaton peke yake aliyewahi kumzidi. Pointi? 3.7 kwa mechi. Yule wa 22.5 wa Bridgeport alikuwa amekwisha. NBA ya wakati ule ilikataza ulinzi wa kanda, wapinzani walikuwa na vifua vya kumsukuma, na makocha wakaona faida iko kwenye kazi moja tu. Ni kama kumchukua kiungo anayefunga na kukaba, ukamwambia kazi yako ni kusimama kwenye mstari wa goli tu.

Bullets wakamsajili pia Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60, na picha za wawili hao zikaenea dunia nzima. Tofauti ya sentimita 71 ndani ya jezi moja. Watu walicheka, tiketi ziliuzwa. Golden State walimwachia arushe mipira ya mbali ya pointi tatu, mashabiki wakapandwa na kichaa kila alipoinua mikono. Akiwa Philadelphia, Machi 1993, aliingiza sita za namna hiyo katika kipindi kimoja dhidi ya Phoenix Suns. Alipomaliza mwaka 1994 alikuwa amecheza mechi 624, akafunga pointi 1,599 na kupiga bloku 2,086. Mpaka leo historia ya NBA haina mwingine mwenye bloku nyingi kuliko pointi.

Mshahara ulikwenda wapi? Hapo ndipo kicheko kinapokatika. Alikwenda kwenye kambi za wakimbizi, akaona watoto wa kwao wanavyoishi, akatoa. Inakadiriwa alitoa dola milioni 3.5 kwa wakimbizi na kwa harakati za ukombozi wa kusini zilizoongozwa na John Garang. Ndugu zake wengi waliuawa vitani. Alinunua vitu vichache na alitoa vingi, mpaka akabaki mikono mitupu.

Baadaye alirudi Khartoum, baada ya serikali kutia saini mkataba wa amani na baadhi ya makundi ya kusini mwaka 1997. Alisema aliahidiwa uwaziri wa michezo kwa sharti la kubadili dini, akakataa. Serikali ikamshuku kuwasaidia waasi, ikamzuia kutoka. Mwaka 2001 akafanikiwa kufika Misri, na 2002 akaingia tena Marekani kama mkimbizi. Mtu aliyejaza kumbi sasa hakuwa na kipato.

Akaanza kuuza kile ambacho Marekani ilikuwa tayari kukinunua: urefu. Akapigana ngumi kwenye televisheni na William Perry, nyota wa zamani wa soka la Marekani, akashinda. Akavaa jezi ya timu ya mpira wa magongo wa barafuni bila kuwahi kuteleza hata mara moja. Akavalishwa nguo za mpanda farasi wa mashindano. Waliomwona walidhani jamaa amefulia na anajidhalilisha. Fedha zilikuwa zinakwenda kwenye mfuko wake wa kusaidia watoto wa Sudan, na alijua vizuri alichokuwa anafanya. Uchungu ni kwamba kumbi zilezile zilizomlipa ili zimcheke hazikuwahi kumlipa kwa zile pointi 22.5.

Mwaka 2004 alipata ajali mbaya ya teksi, huko huko Connecticut, akavunjika shingo. Akapona, akahamia Kansas, akaendelea kuchangisha fedha za kujenga shule Turalei, shule ambayo alitaka watoto wa dini zote wasome pamoja. Mwaka 2010 alikuwa nyumbani kwa kazi hiyo, akakubali kubaki zaidi kwa ajili ya uchaguzi wa Aprili. Akaugua. Figo zilishindwa, na ngozi yake ilishambuliwa na ugonjwa mkali unaotokana na dawa. Alifariki Juni 19, 2010, hospitalini Virginia. Mwaka mmoja na siku 20 baadaye, Julai 9, 2011, Sudan Kusini ikawa nchi.

Mwanawe, Bol Bol, alicheza mechi tisa tu Chuo Kikuu cha Oregon kabla ya kuumia mguu, kisha akaenda NBA. Lakini kuna kijana mwingine. Miaka ya tisini, familia ya Luol Deng ilikimbilia Misri, na huko Manute aliwafundisha watoto wake kikapu. Luol alikua, akacheza NBA, kisha akawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, nchi ambayo tangu 2016 ni mwanachama mwenzetu wa Afrika Mashariki. Timu aliyoijenga ilifuzu Olimpiki ya Paris 2024 na kuanza kwa kuifunga Puerto Rico 90-79. Kabla ya mechi hiyo waandaaji walikosea wakapiga wimbo wa taifa wa Sudan. Wachezaji walisimama mikono kifuani, ukumbi ukazomea, mpaka wimbo ukakatwa na wa kwao ukapigwa.