Dennis Ritchie, mtu aliye ndani ya simu yako

Simu uliyoshika mkononi, iwe mpya au ya mkono wa pili, ina kazi ya Dennis Ritchie ndani yake. Jina lake halisikiki sana hata mjini, ndiyo maana leo tunamsimulia.

Alizaliwa Bronxville, jimbo la New York, Marekani, tarehe 9 Septemba 1941. Alisoma fizikia na hesabu Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1967 akaajiriwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ambako baba yake pia alifanya kazi. Huko, miaka ya mwanzo ya 1970, alitunga lugha ya kuandikia programu iitwayo C. Kiini cha simu za Android kimeandikwa kwa C kwa sehemu kubwa.

Tuchukulie mwenye programu ya duka ameandika kwa C kwamba BEI ni 500. Kabla programu haijatafsiriwa, kila palipo na BEI huwekwa 500. Hiyo huitwa makro. Bei ikipanda, anabadilisha mstari mmoja tu. Lakini BEI ikiwa ndani ya alama za kunukuu, kwenye maneno ya kumwonyesha mteja, haiguswi. Kwenye kioo linatokea neno BEI, na 500 haionekani. Wanaojifunza hukwama sana hapo.

Kitabu alichoandika Ritchie na Brian Kernighan mwaka 1978 kilisema wazi kuwa yaliyo ndani ya alama hizo yaachwe. Baadhi ya watengenezaji hawakufuata, makro zao zikaingiza vitu hata humo. Programu ileile ikawa inatoa maneno tofauti kwenye mashine tofauti. Mwaka 1989 kiwango rasmi cha Marekani kikakata shauri: humo hapaguswi. Anayetaka kitu kigeuke maandishi atumie #, ile alama unayomalizia ukiangalia salio. Nayo ina mtego wake: ukiitumia moja kwa moja inakupa BEI, si 500. Lazima upitie makro mbili, moja ilete 500, nyingine iigeuze maandishi. Usumbufu, lakini kwetu ni afadhali kuliko mashine kubahatisha.

Ritchie na mwenzake Ken Thompson walipewa tuzo ya Turing mwaka 1983. Tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake New Jersey, alikoishi peke yake. Steve Jobs wa Apple alikuwa amefariki wiki moja tu kabla, na redio zilikuwa bado zinamzungumzia yeye.