Florence Nightingale: Muuguzi aliyegeuza rejista za vifo kuwa chati

UKISIKIA jina Florence Nightingale, bila shaka unawaza muuguzi na taa yake. Hujakosea. Lakini kama wewe ni mmoja wa wale vijana wanaounganisha hifadhidata na chati kwenye programu za kompyuta au tovuti, basi mama huyu ni mwenzako wa kazi. Yeye alitumia kalamu na karatasi, zaidi ya miaka 100 kabla ya hifadhidata za majedwali kubuniwa.

Alizaliwa Mei 12, 1820, mjini Florence, Italia, ndiyo maana akapewa jina hilo. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali. Binti alipenda hesabu, na aliposema anataka kuwa muuguzi, nyumbani palichemka, kwani enzi hizo kazi hiyo ilidharauliwa sana. Hakutetereka. Mwaka 1851 alienda kusomea Kaiserswerth, Ujerumani.

Vita vya Crimea vikiwa vimepamba moto, Uingereza ikipigana na Urusi, aliwasili Scutari karibu na Istanbul mnamo Novemba 1854 akiwa na wauguzi 38. Hospitali ya jeshi ilikuwa chafu, mitaro imeziba, wagonjwa wamebanana. Kibaya zaidi, rejista za vifo hazikulingana. Idara hii ilikuwa na hesabu yake, ile nayo yake. Yaani hata idadi ya waliokufa haikueleweka! Machi 1855 tume ya usafi ilifika, mitaro ikazibuliwa, hewa safi ikaingia, na vifo vikapungua.

Aliporudi nyumbani 1856, alitaka wakubwa wakubali kwamba uchafu uliua wanajeshi wengi kuliko risasi. Akishirikiana na mtaalamu wa takwimu William Farr, alihitaji vitu viwili: vifo vya kila mwezi kulingana na chanzo chake, na idadi ya wanajeshi waliokuwepo mwezi huo. Wewe ungeviweka kwenye majedwali mawili na kutumia mwezi kama ufunguo wa kuyaunganisha.

Tazama Januari 1855. Jeshi la watu 32,393 lilipoteza 2,761 kwa magonjwa yanayoweza kuzuilika, 83 kwa majeraha na 324 kwa sababu nyingine. Zidisha hao 2,761 kwa 12, unapata 33,132. Kwa kasi hiyo, magonjwa peke yake yangemaliza jeshi zima ndani ya mwaka, hata adui asifyatue risasi moja. Idadi ya vifo bila idadi ya wanajeshi isingekuonyesha hilo.

Lakini nani angesoma kurasa na kurasa za tarakimu? Mwaka 1858 alitoa mchoro wa duara uliokatwa vipande 12 kama chapati, kila kipande mwezi wake. Buluu ilikuwa magonjwa, nyekundu majeraha, nyeusi sababu nyingine. Ukiutupia jicho tu, buluu imemeza kila kitu.

Hapa kuna mtego, kwa hivyo kuwa makini. Kinachobeba hesabu ni eneo la kipande, si urefu wake. Vifo vikiwa mara nne, nusu kipenyo huongezeka mara mbili tu. Ukichukua tarakimu kwenye jedwali na kuzifanya nusu kipenyo moja kwa moja, chati yako itadanganya hata kama hifadhidata haina kosa.

Mwaka huo huo alikuwa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wanatakwimu jijini London. Mwaka 1860 shule yake ya uuguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', na akapendekeza hospitali zote zitumie fomu ya aina moja. Ugonjwa mmoja ukiwa na majina matano, utalinganisha nini na nini? Aliugua kwa miaka mingi lakini aliendelea kuandika akiwa kitandani, hadi alipofariki Agosti 13, 1910, akiwa na miaka 90.

Basi ukikaa kwenye laptopu yako leo, usikimbilie rangi. Anza na majedwali: Je, hesabu zinalingana? Ufunguo ni upi? Umegawanya kwa idadi gani? Kwenye rejista za Scutari, kila tarakimu ilikuwa mtoto wa mtu.