Mzee wa Uso Mkavu: Kwa Nini Harambee ya 2026 Inabeba Jina la Leslie Nielsen



Tangu sisi wa huku Kanada tutangaze kwamba harambee yetu ya Februari itachezwa juu ya barafu, kwa heshima ya Leslie Nielsen, simu hazikatiki. Mzee wetu mmoja wa Tandala ameniuliza kama huyo ni mfadhili mpya. Hapana, mzee wangu. Alikuwa mwigizaji wa vichekesho na alifariki mwaka 2010. Tarehe 11 Februari 2026 angetimiza miaka 100. Kwa kuwa mimi ndiye mtunza hazina, na ndiye niliyeleta wazo hili kwenye kikao, nimeambiwa nieleze mwenyewe.

Baadhi yenu mnamjua bila kumjua jina. Miaka ya tisini nilimwona kwenye kibanda cha video Njombe, jenereta likinguruma nje. Mzungu mwenye mvi, suti safi, anaongea kama mwenyekiti wa bodi, na nyuma yake kila kitu kinaanguka. Hatukuelewa Kiingereza chake, tulicheka mpaka tukatolewa nje. Huyo ndiye.

Alizaliwa Regina, jimbo la Saskatchewan. Baba yake, mhamiaji kutoka Denmark, alikuwa askari wa polisi wa Kanada, akapangiwa kituo cha mbali kaskazini, Fort Norman, ambako siku hizi panaitwa Tulita, kando ya mto Mackenzie. Sisi tunajua sakitu ya Kitulo inavyounguza viazi, lakini jua likitoka saa nne tunasahau. Kule mto mzima unaganda, na majira ya baridi jua lenyewe huonekana saa chache tu. Leslie na ndugu zake wawili wa kiume walikulia hapo. Nyumbani hapakuwa na amani pia, maana baba aliwapiga watoto na mama yao. Kijana alitaka kuondoka, na alipofikisha miaka 17, baada ya kumaliza shule hapa Edmonton, akajiunga na jeshi la anga.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Leslie alikuwa na uziwi, na sehemu kubwa ya maisha yake alivaa vifaa vya kusaidia kusikia. Hata hivyo jeshi lilimchukua, likamfundisha kupiga bunduki ndani ya ndege. Vita Kuu ya Pili iliisha kabla hajapelekwa ng'ambo. Baadaye, alipokuwa maarufu, alisaidia kampeni za kuwahimiza watu wapime masikio na wasione haya kuvaa vifaa hivyo.

Alitangaza redio kwa muda mfupi Calgary, akasoma Toronto, akapata ufadhili wa kusomea uigizaji New York. Kipindi chake cha kwanza cha televisheni, mwaka 1950, kilimlipa dola 75. Mwaka huohuo peke yake alitokea kwenye vipindi zaidi ya 40, vyote vikirushwa moja kwa moja bila nafasi ya kurudia kosa. Kisha ikaja miaka thelathini ya kazi isiyo na kelele. Alikuwa kamanda wa chombo cha anga kwenye Forbidden Planet mwaka 1956 na nahodha wa meli inayopinduka kwenye The Poseidon Adventure mwaka 1972, na katikati akawa polisi, wakili, daktari na mhalifu, chochote kilichohitaji sura ya heshima. Watu walimjua uso, jina hawakulijua. Mhasibu akiangalia daftari la namna hiyo anaona mtu aliyelipa bili zake zote kwa wakati, hana deni, na hakuna anayemtaja.

Mwaka 1980, akiwa na miaka 54, vijana watatu waliokuwa wakitengeneza filamu ya vichekesho iitwayo Airplane! walitaka waigizaji wanaojulikana kwa kazi za uzito, si wachekeshaji. Wakampa nafasi ya daktari ndani ya ndege ambayo marubani wake wameugua. Siri ya filamu nzima ni kwamba hakuna anayecheka ndani yake. Sisi tuliomzoea Mzee Majuto, ambaye kuuona uso wake tu kulitosha kutuangusha, inatubidi tuzoee. Nielsen anasema upuuzi mkubwa kwa sauti ileile aliyotumia miaka thelathini kutoa amri za meli. Kwa maoni yangu ile miaka thelathini haikupotea hata siku moja, kwa sababu bila hiyo kichekesho chake kisingekuwa na kitu cha kukisimamia.

Hata baada ya hapo njia haikunyooka. Mwaka 1982 alipewa mfululizo wa televisheni, Police Squad!, na baada ya vipindi sita tu ukafutwa. Miaka sita baadaye polisi yuleyule alirudi kwenye filamu ya The Naked Gun, ikaingiza zaidi ya dola milioni 78 Marekani peke yake. Ndiyo ile ya kibanda cha Njombe.

Sasa niingie kwenye sababu yangu ya kihasibu. Upande wa baba yake kulikuwa na mzee mmoja, Jean Hersholt, mwigizaji mkubwa wa Hollywood, ambaye kwa desturi yetu Leslie angemwita baba mkubwa. Utotoni, alipowaambia wenzake kuwa mtu huyo ni ndugu yake, walimwona mwongo mpaka awapeleke nyumbani kuwaonyesha picha. Huyu Hersholt aliongoza kwa miaka 18 mfuko wa kuwasaidia wafanyakazi wa filamu waliozeeka au kuugua bila akiba. Mfuko ule haukutegemea matajiri watoe siku wakijisikia. Wenye mishahara mikubwa walikubali kukatwa nusu ya asilimia moja, na katika uongozi wa Hersholt zikajengwa nyumba za wazee na hospitali karibu na Los Angeles. Alipofariki mwaka 1956, waandaaji wa tuzo za Oscar walianzisha tuzo ya utu kwa jina lake.

Nusu ya asilimia moja! Anayepata shilingi milioni moja kwa mwezi atatoa 5,000. Bweni la wasichana limefika kwenye linta na limesimama hapo kwa sababu tunachanga kwa msisimko wa siku moja, halafu kimya mpaka mwaka unaofuata. Nimepeleka pendekezo hilo kwenye mkutano mkuu na ninaomba mlijadili bila kuniogopa.

Na barafu inaingiaje? Mwaka 2002 Nielsen aliigiza kwenye filamu ya Kanada, Men with Brooms, inayohusu mchezo wa kalingi. Timu ya watu wanne husukuma mawe ya granaiti, kila moja karibu kilo 20, yateleze hadi kwenye duara mwisho wa uwanja, huku wenzao wawili wakifagia barafu mbele ya jiwe lifike mbali zaidi. Ndiyo, wanafagia, na kwa nguvu zote. Katika hadithi hiyo kocha mzee anafariki na kuacha wosia kwamba majivu yake yatiwe ndani ya jiwe la mchezo, nalo lifikishwe katikati ya duara. Nielsen ni baba aliyekosana na mwanawe, na anaombwa awe kocha mpya. Kwangu hiyo ni miongoni mwa kazi zake nzuri, na nikikumbuka baba yake mwenyewe wa Fort Norman siitazami kwa wepesi.

Alifariki Florida kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 84. Wazee mnisamehe kwa hili: mfukoni alizoea kutembea na kidude cha kutoa mlio wa kujamba, akikibonyeza mbele ya waandishi wa habari na wakubwa huku uso haujatikisika. Maandishi ya jiwe la kaburi lake yanaendeleza mzaha huohuo.

Tutacheza Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 11 Februari. Kila jiwe litakaloingia kwenye duara litalipiwa na waliolitabiria kukosa, na hesabu itasomwa hapohapo ukumbini. Mlioko nyumbani mnaweza kuchagua timu kupitia kwa katibu wa kata yenu. Baada ya mchezo tutaangalia Airplane! Fagio zipo za kutosha. Mje na soksi nzito.