Otenyo Nyamaterere: Mkuki Mmoja Dhidi ya Dola

Otenyo Nyamaterere ni miongoni mwa mashujaa wanaokumbukwa sana na Abagusii. Alikuwa kijana wa Kitutu, katika kizazi kilichoshuhudia Waingereza wakiingia nchi yao kwa mtutu wa bunduki.

Mnamo 1905 mashujaa wa Gusii waliokabiliana na kikosi cha wakoloni kwa mikuki na ngao walifyekwa kwa bunduki ya Maxim. Mwaka 1907 serikali ikajenga boma lake Getembe, mahali ulipo mji wa Kisii leo, chini ya G.A.S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Kodi na kutwaliwa kwa mifugo kukazidisha chuki. Katika mazingira hayo Moraa Ng'iti, nabii mashuhuri wa Kitutu, aliwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Mapokeo yanamtaja Otenyo kuwa mtu wa ukoo wake.

Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote njiani na kumchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa lakini hakufa. Habari zilipoenea, watu wengi wa Gusii waliinuka dhidi ya utawala.

Kisasi kilikuwa kikali. Majeshi yalichoma vijiji, yakatwaa maelfu ya ng'ombe na kuwaua watu wengi, hata Winston Churchill, aliyekuwa kiongozi katika Wizara ya Makoloni huko London, akahoji ulazima wa mauaji hayo. Otenyo alikamatwa, akauawa. Mapokeo yanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na wazawa wa Gusii wamedai kirudishwe kizikwe kwa heshima.

Hatima za mahasimu hao wawili zilitofautiana mno. Northcote alipanda vyeo, akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Otenyo hakupata cheo wala kaburi la kuzuru. Waliolipa gharama ya mkuki wake ni pamoja na wazee, wanawake na watoto ambao hawakuurusha. Ukweli huo haufai kufichwa na sifa. Hata hivyo, boma lililomwua halikuweza kulifuta jina lake. Kutoka Kitutu hadi Sironga, masimulizi yamelihifadhi kupitia vinywa vya wazee. Ni wajibu wa wasomi kuyaandika masimulizi hayo kabla wasimulizi hawajatutoka, maana mzigo wa mwenda zake humwelemea aliyebaki.