MAMA DAKTARI NA MAZIWA LALA

Mkitajiwa Anne Spoerry huenda wengi mkauliza ni nani. Lakini taja Mama Daktari mbele ya wazee wa Lamu, uone watakavyokusimulia.

Anne alizaliwa Ufaransa, mjini Cannes, mwaka wa 1918. Alisomea udaktari Paris, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili alijiunga na waliowapinga Wajerumani kisirisiri. Mwaka wa 1943 alikamatwa, kisha akapelekwa kambi ya wafungwa ya Ravensbrück. Alitoka hai, ila baadhi ya wafungwa wenzake walimshtaki kwamba aliwatesa wagonjwa humo kambini. Huku Kenya hakupenda kuyazungumza hayo, na wengi waliyajua baada ya yeye kufa.

Alipokuwa na miaka 45 alijifunza kuendesha ndege! Akajiunga na madaktari wa ndege wa AMREF, akawa anarusha ndege yake mwenyewe kwenda Lamu, Marsabit na Turkana kutibu na kuchanja watoto. Pale Shela, Lamu, alikuwa na nyumba.

Sasa nije kwenye kisa kilichonivutia. Kuna kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu ambayo yakizidi huziba mishipa ya moyo. Daktari Mmarekani, George Mann, alishangaa kuona Wamaasai wanakunywa maziwa na kula nyama kwa wingi, na bado kolesteroli yao iko chini. Mwaka wa 1974 yeye na Mama Daktari walichapisha utafiti wao. Wanaume 24 wa Kimaasai walipewa maziwa yaliyogandishwa kwa bakteria, wakanywa lita kadhaa kila siku. Kundi moja lilitiliwa kemikali iliyodhaniwa ingepandisha kolesteroli. Kumbe wapi! Ilishuka kwa makundi yote mawili, hata kwa walionenepa.

Wataalamu wa baadaye walieleza kwamba bakteria wengine huivuruga nyongo tumboni, na ini likitaka kutengeneza nyongo mpya hutumia kolesteroli ya mwilini. Lakini tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na aghalabu kupungua kwenyewe kulikuwa kudogo.

Nayasema haya kwa sababu bibi yangu hapa Buxton alipimwa akaambiwa kolesteroli imepanda. Jirani akamshauri atupe vidonge, anywe maziwa lala tu, ati Wamaasai hawaugui moyo. Nikamwambia, bibi, wale walikuwa watu 24, wamezoea kutembea mwendo mrefu, na walikunywa lita si kikombe. Tena maziwa mengine ya dukani yana sukari nyingi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Alicheka sana, lakini vidonge anameza, na maziwa lala yake anakunywa vilevile.

Mama Daktari alifariki mwaka wa 1999 akiwa na miaka 80. Ya kambini siwezi kuyahukumu mimi, wala sitaki kuyaficha. Ninalomsifia ni kwamba hakutosheka na kusikia kuwa maziwa ni dawa au ni sumu. Yeye na mwenzake walitoa damu wakapima, na majibu yalipokuja kinyume na walivyotarajia, waliyaandika vivyo hivyo. Wenzangu wa Kidato cha Tatu, tukiingia maabara tusibadilishe majibu ili yafanane na ya kitabu!