DAKTARI JAHANGIR KHAN: MCHEZAJI ALIYEFUNIKWA NA SHOMORO

Wapenzi wa mchezo wa kriketi wakikutana barazani hawakosi la kubishania, na moja lisilokwisha ni habari ya wale wachezaji wa pande zote mbili, yaani wanaotegemewa kupiga mpira na kuurusha pia. Kila mtu huwa na wake amsifuye, na kila mtu huwa na wake amchekaye. Katika kundi la wa kuchekwa, jina la marehemu Daktari Jahangir Khan hutajwa mapema. Hesabu zake katika mechi za Testi, ambazo ni zile kubwa za siku nyingi baina ya mataifa, ni hizi: mechi 4, mikimbio 39, wastani wa 5.57. Wapigaji aliowatoa ni 4 tu, na kila mmoja alimgharimu mikimbio 63.75. Mtu akisoma hayo bila ya kumjua mwenyewe, atauliza aliingiaje katika timu.

Aliingia kwa haki. Alizaliwa tarehe 1 Februari 1910 huko Jullundur, Punjab, katika ukoo wa Kipathani wa Waburki. Katika mechi yake ya kwanza ya daraja la juu, akiichezea timu ya Waislamu mjini Lahore, alipiga mikimbio 108, na wapinzani waliporudi uwanjani kwa zamu ya pili akawatoa wapigaji 7 kwa mikimbio 42. Barubaru wa kuanza hivyo ni nani atakayemwacha nyumbani? Basi mwaka 1932, India ilipopeleka timu Uingereza kucheza Testi yake ya kwanza kabisa, yeye alikuwamo, pamoja na Mohammad Nissar, Amar Singh na ndugu wawili Wazir Ali na Nazir Ali. Ilikuwa timu ya Waislamu, Mabaniani, Maparsi na Kalasinga, wote chini ya bendera moja ambayo haikuwa yao.

Mechi hiyo ilichezwa Lord's, London, mwezi wa Juni. Wenye kumcheka Jahangir aghalabu huisahau. Katika zamu ya pili ya Uingereza aliwatoa Holmes, Woolley na Hammond, na Waingereza wakajikuta wamepoteza watu wanne kwa mikimbio 67. Baadaye akamtoa na Paynter. Hammond na Woolley si watu wa kutolewa ovyo. Ni katika wapigaji wakubwa waliopata kuzaliwa katika nchi hiyo. India ilishindwa kwa mikimbio 158, lakini nahodha Jardine alilazimika kusimama mwenyewe na kupiga 85 bila ya kutolewa ndipo timu yake ikapumua. Wale wanne wa Jahangir kwa mikimbio 60 ndio wanne wake wote wa maisha. Hakupata mwingine tena.

Kwa nini? Timu iliporudi nyumbani, yeye alibaki kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko ndiko alikopata ile shahada ya udaktari. Waingereza walipokwenda Bara Hindi kucheza Testi msimu wa 1933-34, yeye alikuwa vitabuni. Alikuja kuitwa tena mwaka 1936 katika Testi tatu zilizochezwa Uingereza, na hapo kwa kweli hakufanya kitu, kwa mpira wala kwa gongo. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na India haikucheza Testi nyingine mpaka mwaka 1946. Kwa maoni yangu, anayesema kwamba Jahangir alikuwa dhaifu katika Testi hasemi uongo. Ila anampima mtu kwa mechi 4 zilizotawanyika katika miaka minne, na hicho ni kipimo kifupi mno.

Lililomtia katika vitabu si hao wanne bali ni ndege. Tarehe 3 Julai 1936, hapo hapo Lord's, aliichezea Cambridge dhidi ya klabu ya MCC. Alimrushia mpira Tom Pearce, na njiani mpira ukampiga shomoro aliyekuwa akijipitia zake. Pearce aliuzuia mpira. Ndege akaonekana chini penye vijiti, amekufa. Waingereza wakamkausha shomoro yule, wakamweka juu ya mpira katika jumba la kumbukumbu la uwanja huo, na mwaka 2006 hata Rotterdam alipelekwa kutazamwa. Wapo wengi waliomwona shomoro wasiojua aliyemwua alikuwa nani.

Baada ya nchi kugawanywa mwaka 1947, Jullundur ilibaki India na makao yake yakawa Lahore. Aliitumikia kriketi ya Pakistan kwa muda mrefu, na timu ilipozuru India msimu wa 1960-61 yeye ndiye aliyekuwa meneja wake. Alikuwa pia mkuu wa kamati ya kuchagua wachezaji, na hapa ndipo alipopatikana na mtihani. Mwanawe, Majid, alifika kiwango cha kufikiriwa kuingia timu ya taifa. Jahangir hakungoja kuambiwa: alijiuzulu, wenzake wapate kumhukumu kijana bila ya kumtazama baba usoni. Majid alichaguliwa mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 18, akaja kucheza Testi 63 na kupiga mikimbio 3,931. Mtoto wa shemeji yake, Imran Khan, ndiye aliyekuja kuwa mchezaji wa pande zote ambaye hakuna baraza linalomcheka: wapigaji 362 aliowatoa, na mikimbio 3,807.

Daktari Jahangir Khan alifariki Lahore tarehe 23 Julai 1988, akiwa na umri wa miaka 78. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 2005 mjukuu wake, Bazid, mwana wa Majid, aliichezea Pakistan huko Barbados, na ukoo huo ukawa miongoni mwa koo chache sana duniani zilizotoa wachezaji wa Testi kwa vizazi vitatu mfululizo. Bazid alicheza Testi hiyo moja tu, hivyo kwa hesabu ya mechi babu amemzidi mjukuu kwa tatu.